Boti Iliyokula Viti

Jumatatu, 3 Machi

Nina boti! Naandika tena ili niamini. Nina boti.

Ilikuwa hivi. Mwenye hoteli alikodi mahema na viti vyetu kwa sherehe tatu mfululizo, na tangu hapo kila tukimpigia simu yuko kikaoni. Leo nikamwendea na sura ya ukali niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Akanipokea kwa chai. Akanishika mkono, akanitembeza hadi ziwani. Akasema fedha taslimu hana, lakini kama naona inafaa, nichukue ile pale. Nikafuata kidole chake. Boti!

Nyeupe. Mstari wa buluu ubavuni. Usukani wa mbao, viti vya ngozi, ngazi ndogo ya kushukia majini. Jina lake Mapumziko, limeandikwa kwa herufi za madaha. Mawimbi yalikuwa yakiigonga taratibu, nayo ikitikisa kichwa, juu chini, juu chini, kana kwamba inakubaliana nami. Nyumbani kwangu hakuna anayenitikisia kichwa hivyo.

Nikatia sahihi kabla hajabadili mawazo. Nilishangaa alivyokuwa na haraka ya kunipa kalamu. Kumbe bado kuna watu wakarimu.

Mke wangu sijamwambia. Kazi hii ya kukodisha viti aliianzisha yeye, kwa viti kumi na viwili alivyovinunua kwa fedha ya cherehani yake. Leo viko mia tatu, na chini ya kila kimoja ametia doa la rangi nyekundu ya kucha, kwa mkono wake mwenyewe, visichanganyike na vya watu. Jumamosi ya wiki ijayo mdogo wake anaolewa, na yeye ameahidi ndugu zake viti vyote mia tatu, bure, ndiyo zawadi yake. Hao ndio ndugu waliomwambia zamani kwamba akiolewa na mimi ataishia kukaa chini.

Basi watanitambua. Mpango: bibi harusi atafika kwa boti! Ndugu watameza maneno yao bila maji ya kusukumia.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika gatini kuitambulisha boti yangu. Msimamizi wa pale ni mama mmoja mpole ajabu. Wote wanamwita Mama Gati. Anazungumza kwa sauti ya kubembeleza, unaweza kusinzia.

Akanikaribisha kiti, akasema kuna ada ya maegesho. Nikamwambia boti haiendi barabarani. Akatabasamu, akaeleza kwamba kila boti ina kipande chake cha maji. Nikalipia maji. Si ya kunywa, si ya kuoga. Maji ya boti kukalia! Akanituliza kwamba ni mara moja tu kwa mwaka.

Nikashusha pumzi. Akafungua droo. Bima, nayo mara moja tu kwa mwaka. Leseni, mara moja tu. Ukaguzi wa usalama, mara moja tu. Kila karatasi aliitoa kwa upole uleule, na mimi nikizidi kutumbua macho. Sijawahi kuona kitu kikila namna hii bila kuwa na mdomo.

Nikamuuliza huo mwaka wa boti unaanza lini. Akasema Machi. Nikamkumbuka mwenye hoteli na ile kalamu yake.

Lakini mwanamume halii mbele ya Mama Gati. Nikavuka barabara kwa Bwana Turubai, mshindani wetu, anayekodisha mahema mkabala na duka letu na ambaye huwa simsalimii. Leo nimemsalimia. Nimemuuzia viti mia moja. Akauliza kulikoni, nikasema tunapunguza mizigo. Akavichukua akipiga mluzi.

Hesabu yangu ni safi kabisa. Harusi gani hujaa? Watu mia wataugua, watasafiri, watanuna. Mia mbili wanatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Leo boti imenyanyuliwa kwa winchi. Mkaguzi alitaka kuona tumbo. Nikasema tumbo ni safi, mimi mwenyewe nimeifuta juu yote kwa kitambaa.

Mungu wangu, lile tumbo! Shamba zima! Mwani wa kijani umening'inia kama ndevu, konokono wametulia na familia zao, na kidude kimoja kilinitazama kikarudi ndani. Juu boti ya mwenye hoteli, chini kijiji. Nilisimama pale mdomo wazi. Sikujua kwamba ziwa halilali, kwamba kila dakika linapanda mbegu kwenye kila kitu kinachokaa kimya.

Daktari wa meno alikuwa amesimama kando na kofia yake nyeupe. Ndiye jirani yangu gatini. Ana boti ya tanga, ndefu, yenye mlingoti unaokuna mawingu, na ana tabia ya kukuangalia mdomoni unapozungumza. Akasema kwa utaratibu kwamba haya ni sawa na meno yasiyopigwa mswaki, na kwamba tumbo hukwanguliwa na kupakwa rangi kila mwaka. Nikamjibu kwamba mimi najua, naangalia tu.

Nikajaribu kukwangua mwenyewe, kwa brashi na sabuni yetu ya kuoshea viti. Saa tatu za jasho. Nikapata eneo la ukubwa wa sinia. Nikasema basi nipake tu rangi juu yake, kuna kopo lilibaki tulipopaka geti. Mama Gati alipita, akaniambia kwa upole kwamba rangi ya geti ziwa litaila kwa mwezi mmoja. Iko rangi yake maalumu. Mara moja tu kwa mwaka.

Kopo la rangi hiyo na wakwanguaji wawili: viti sitini vingine kwa Bwana Turubai. Nilifungua kifuniko nikitegemea kuona dhahabu. Rangi tu. Nyekundu.

Mke wangu ameuliza mbona stoo imefungwa. Nimesema navisugua viti vyote kimoja kimoja kwa ajili ya mdogo wake, iwe siri hadi siku yenyewe. Akanikumbatia. Akasema ndugu zake hawanijui.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiendesha!

Kwanza mafuta. Yule kijana wa pampu aliminya na kuminya, nikamwuliza kama tangi limetoboka. Hapana, akasema, hii ni nusu. Nikamwambia nusu inatosha, sisi si walafi.

Kisha nikaenda. Siwezi kueleza. Nilizima injini katikati ya ziwa nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe, nacho ni kutokuwepo kwa mtu wa kuniuliza swali. Mji ulikuwa mdogo ukingoni. Duka letu lilikuwa doa. Duka la Bwana Turubai lilikuwa doa dogo zaidi. Maji yalikuwa yamelala hadi mwisho wa macho, na mbingu imelala juu yake, na mimi katikati, mkodisha viti. Machozi yalinitoka, sina haja ya kuficha humu. Niliwaza: kumbe watu wanalipa yale yote kwa ajili ya hili. Na kwa dakika ile niliona bei ni halali.

Nikapiga ufunguo. Injini ikakohoa. Nikapiga tena. Kimya.

Nilikaa hadi jua likaanza kunichoma kipara. Aliyenikuta ni yule daktari, akiteleza na boti yake ya tanga bila sauti, bila moshi. Akanitupia kamba. Amenivuta hadi gatini kwa upepo peke yake, hakutumia hata tone la mafuta! Njia nzima anakunywa chai. Watu wote gatini walitoka kutazama. Nikawapungia mkono kama ndivyo tulivyopanga.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi wa injini amekuja. Aliifungua akaguna. Akasogea upande wa pili, akaguna kwa sauti nyingine. Nilijifunza haraka kwamba kila mguno una bei.

Betri imekufa. Plagi zimeoza. Pampu ya kutolea maji iko hai ila haifanyi kazi, na hilo hata yeye lilimshangaza. Oili hubadilishwa kila mwaka. Nikamkatiza, nikamwambia najua, mara moja tu. Akasema hapana, mara mbili.

Mara mbili! Nilikaa chini kwenye mbao za gati. Nilihisi heshima, kusema kweli. Mimi nimelea watoto watatu na hakuna hata mmoja aliyenigharimu hivi kwa kukaa tu mahali pamoja.

Nimempelekea Bwana Turubai viti mia moja ishirini na vinane. Hakuuliza kitu safari hii. Alikuwa ameshasafisha sehemu ya kuviweka.

Vimebaki kumi na viwili, vile vya mwanzo, vya cherehani. Hivyo sivigusi. Mimi si mnyama.

Jumatano, 12 Machi

Nimekumbuka saa kumi alfajiri kwamba wageni wa harusi hukaa.

Sijui nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa naona boti inafika, mavazi yanapepea, ndugu wanapiga makofi. Katika picha hiyo wote walikuwa wamesimama! Kwa nini mtu akae boti inapofika? Lakini kuna chakula baadaye. Kuna hotuba za wajomba.

Nikavuka barabara. Nikamwomba Bwana Turubai anikodishie viti mia mbili themanini na vinane kwa Jumamosi. Akakuna kidevu. Akasema ana viti idadi hiyohiyo kamili, tena vizuri, ameuziwa juzi na mtu mmoja asiye na akili. Nikasema natumaini vimetunzwa. Akasema vina madoa mekundu chini.

Fedha sina. Amechukua saa yangu ya mkononi, ile niliyopewa na baba mkwe. Masharti yake: viti virudi saa kumi na mbili jioni kamili, maana ana shughuli nyingine usiku. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mtu wa saa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia stooni. Nitaeleza kwa mpangilio.

Bustani ilikuwa pale ukingoni mwa ziwa. Viti mia tatu vimepangwa, vyeupe, vimenyooka. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la rangi ya dhahabu alilolishona mwenyewe. Alipita safu hadi safu akigusa migongo ya viti kwa vidole. Kaka yake mkubwa alimwambia mbele za watu kwamba kazi yake imekua. Hajawahi kumwambia neno zuri tangu tuoane. Nilimwona mke wangu akigeuka pembeni kujifuta macho.

Kisha Mapumziko ikatokea majini! Fundi wa injini kwenye usukani, utepe mweupe kila mahali, shemeji yangu amesimama mbele na shela linapepea. Wageni mia tatu waliinuka wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Nywele zilinisimama. Hata wajomba walinyamaza. Mke wangu akanishika mkono akauliza boti ile ya nani. Nikasema yetu. Akauliza tumeipata wapi. Nikasema bure. Akaniangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu siku tulipooana sisi.

Ningekufa dakika ile, ningekufa mtu mkubwa.

Chakula kikaja. Hotuba zikaja. Jua likawa linashuka, nami nilikuwa nageuza mkono kuangalia saa, naona ngozi. Nikawaza bado mapema.

Lori la Bwana Turubai liliingia katikati ya hotuba ya mjomba wa tatu. Vijana wanne wakashuka. Wana adabu, siwezi kuwalaumu. Walianza nyuma, wakiwaomba wageni radhi, wakiwainua mmoja mmoja kama watu wanaoamsha wagonjwa. Wageni wakadhani ni mchezo wa harusi, wengine wakapiga makofi. Mjomba aliendelea kuhutubia huku hadhira yake ikizidi kuwa ndefu.

Kisha wakafika mbele. Mmoja akamwinamia mama mkwe wangu, akamwomba asimame kidogo, kiti chake kinahesabiwa. Mama mkwe akaniita. Alisema, "Mwanangu, hawa ni watu wako?"

Mke wangu akachukua kiti mkononi mwa kijana, akakigeuza, akaona doa lake. Akauliza kwa nini viti vyake vinapanda lori la watu. Kijana akasema, mama, hivi ni vya Bwana Turubai, tumevinunua kwa mumeo. Hakupaza sauti. Lakini kulikuwa na ukimya wa kutosha kila mtu kusikia.

Lori lilipoondoka, vilibaki viti kumi na viwili katika bustani nzima. Mke wangu alivipanga mwenyewe. Akamkalisha mama yake, akawakalisha maharusi, akawakalisha wajomba na wazee, mmoja mmoja, akiwaambia karibuni. Vikaisha. Yeye akakusanya gauni lake la dhahabu akakaa chini, kwenye majani. Kaka yake mkubwa akanitazama.

Nilijificha nyuma ya hema la chakula. Kutoka pale nilimwona akizungumza na daktari wa meno, ambaye naye alialikwa, sijui na nani.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi mke wangu ameniambia nimpeleke akaione hiyo iliyokula viti vyake.

Nikampeleka. Katikati ya ziwa akaniashiria nizime. Nikazima. Kimya kile kikaja. Nilitazama mbele, nikingoja hukumu.

Alitia mkono majini. Akakaa hivyo muda mrefu, maji yakimpita kwenye vidole. Akatazama mji, akatafuta duka letu, akaliona. Akasema ni pazuri. Akasema hakujua kuna mahali mtu anaweza kukaa pasipokuwa na mtu wa kumhudumia. Nilitaka kumwambia samahani na nikamwambia, kwa maneno mengi, mengine mara mbili mbili. Akasema amesikia. Akasema sasa niwashe, daktari anasubiri gatini na fedha.

Wamekwisha kukubaliana! Jana, nikiwa nyuma ya hema! Daktari anainunua Mapumziko, anasema umri wake sasa unataka injini. Na mke wangu amepata bei ambayo mimi nisingethubutu kuitamka. Tulivuka barabara tukavinunua viti vyote kwa Bwana Turubai, aliyepata faida yake bila aibu. Mke wangu alikigeuza kila kimoja, akaangalia doa, akakiweka. Mia mbili themanini na vinane. Mimi nilibeba.

Saa ya baba mkwe aliinunua pia. Ameivaa yeye.

Ameniapisha mbele ya watoto: sitauza tena kiti hata kimoja maishani mwangu. Nimeapa. Nimelia. Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 19 Machi

Mama Gati amepiga simu. Sauti ileile ya kubembeleza. Ananikumbusha kwamba nafasi yangu gatini imelipiwa mwaka mzima, haihamishiki kwa mtu, wala fedha hairudi. Akasema inamsikitisha kuyaona maji yangu yamekaa wazi.

Maji yangu! Sikulala vizuri mchana. Kuna watu wanavaa tai kazini na hawana maji yao. Mimi ninayo, yaliyolipiwa, na yamekaa tu bila kitu juu yake. Ni ubadhirifu. Mke wangu mwenyewe hapendi ubadhirifu.

Nikaenda kuyaangalia tu. Nikamkuta daktari wa meno amejishika kiuno. Ana boti mbili sasa na nafasi moja. Akasema ile ya tanga angeiacha kwa mtu yeyote mwenye maegesho. Bure.

Niliitazama kuanzia chini hadi juu ya mlingoti, shingo ikauma. Salaale, urefu ule! Niliuliza kuhusu mafuta. Akasema haitumii. Niliuliza kuhusu oili na plagi. Akasema hakuna. Hii inakwenda kwa upepo, nami mwenyewe nimevutwa nayo nikaona. Upepo hauna Machi!

Nimetia sahihi. Alinipa kalamu haraka sana, mtu mwungwana.

Iko kasoro moja ndogo: tanga lake limechanika, na jipya ni ghali kweli. Lakini tanga ni nini? Ni kitambaa. Nimerudi nyumbani, mke wangu yuko sokoni, nikafungua stoo. Viti vyote mia tatu vipo, sikugusa hata kimoja, nimeapa na ninaheshimu kiapo changu. Kuhusu mahema hakusema kitu.

Nimelipima lile kubwa jeupe la harusi. Linatosha, na kitabaki kipande cha kushonea bendera.